Divisheni ya pili, D tatu, na mikarafuu ya Konde

SWALI: Assalamu alaykum mwalimu. Binti yangu kamaliza kidato cha nne, kapata divisheni ya pili, pointi 18. Elimu ya Dini ana A, Kiswahili na Jiografia B, Kiingereza, Uraia na Biolojia C, na Kemia, Fizikia na Hisabati D. Sisi tunataka awe daktari. Yuko kijana ana ofisi mjini Chake, anapeleka watoto kusoma nje. Anasema kwa divisheni hii binti atasoma faundesheni, yaani kozi ya maandalizi, mwaka mmoja, kisha ataingia udaktari moja kwa moja, ila tuharakishe tumpe milioni moja na nusu ya kushika nafasi. Nafikiria kukodisha mikarafuu yangu msimu ujao ili nizipate. Unanishauri vipi? — Mzazi, Konde.

JIBU: Waalaykum salaam. La mikarafuu nalijibu kwanza: usikodishe. Na hiyo milioni moja na nusu usiitoe, wala nusu yake, wala "ya fomu tu". Sasa tukae tuzungumze.

Nimefundisha Kemia hapa Pemba miaka ishirini na kitu, na tangu skuli yetu inikabidhi kazi ya kuwashauri watoto juu ya masomo na kazi, kila Januari matokeo yakitoka napokea barua kama yako. Hutofautiana jina la kijiji tu. Zote huanza na divisheni: mtoto kapata divisheni ya pili, aende wapi? Ni kama kumwendea fundi cherehani ukamwambia mwanangu ana kilo arobaini, mshonee kanzu. Fundi anataka urefu, anataka bega, anataka mkono. Hizo kilo atazifanyia nini?

Divisheni ni jumla. Baraza la Mitihani huchukua masomo saba ambayo mtoto kafanya vizuri zaidi, likahesabu A pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5. Kwa binti yako, Dini ni 1, Kiswahili na Jiografia 2 na 2, Kiingereza, Uraia na Biolojia 3 kila moja, kisha D moja ya 4. Jumla 18. Divisheni ya kwanza inaishia 17, kwa hiyo kaikosa kwa pointi moja tu, na nampa hongera kwa moyo mmoja. Lakini tazama hiyo 18 imejengwa kwa nini. Ana D tatu, na katika hizo ni moja tu iliyohesabiwa. Mbili zimebaki nje, hazionekani kabisa kwenye divisheni. Chuo cha afya kitakachopokea maombi yake kitaanza na hizo hizo zilizofichika.

Ile A nayo ndiyo iliyombeba, lakini soma masharti ya kidato cha tano au ya chuo chochote cha afya nchini, utakuta maneno "masomo yasiyo ya dini". Sisemi hivi kwa dharau; mimi nilikaa chuoni kwa maalimu kabla sijaujua mlango wa maabara. Nasema kwa sababu wazazi hawaambiwi, kisha mtoto akikataliwa wanadhani kafanyiwa fitina.

Nikupe mfano uone. Chukua mvulana mwenye C katika Fizikia, Kemia na Biolojia, na D katika masomo mengine manne. Tatu mara tatu ni 9, nne mara nne ni 16, jumla 25. Hiyo ni divisheni ya tatu, tena kamba ya mwisho kabisa. Babake anaona haya kuitaja barazani. Na mvulana huyo ana sifa ya kuomba tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, kwa sababu kidato cha tano kinatazama alama za masomo matatu ya tahasusi yenyewe. Binti yako mwenye divisheni ya pili hana sifa hiyo. Kama unaona ajabu, soma tena aya hii polepole, maana hapa ndipo watu wanapopotea kila mwaka, na hapa ndipo matapeli wanapotegea.

Najua utaambiwa ipo skuli ya kulipia itakayomchukua PCB hivyo hivyo. Labda ipo. Lakini D ya kidato cha nne ni alama 30 hadi 44. Kidato cha sita, E inaanzia 40, na chini ya hapo ni S, ambayo kwa kuingilia digrii haihesabiki kuwa ufaulu kamili. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inahesabu A pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na inataka pointi 4 katika masomo mawili kwa uchache. Udaktari unadai ufaulu wa masomo yote matatu, na zaidi ya hapo. Mtoto akitoka na E, E na S, miaka miwili imekwisha, pesa za dakhalia zimekwisha, na digrii haingii. Anarudi kuomba chuo kwa cheti kile kile cha kidato cha nne ulichonacho kabatini leo.

Sasa habari njema, ambayo naona huyo kijana wa Chake hakukwambia, kwa kuwa haina kamisheni. Stashahada ya uuguzi na ukunga, au ya utabibu, inataka D nne kwenda juu katika masomo yasiyo ya dini, zikiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Binti yako anazo. Anaweza kuomba kwa cheti alichonacho, bila kumpa mtu senti ya "kushika nafasi", hapa hapa Zanzibar kwenye skuli ya afya ya SUZA au kwenye vyuo vya Bara. Ni miaka mitatu. Akimaliza stashahada ya utabibu na wastani wa GPA 3.0, anaruhusiwa kuomba digrii ya udaktari, na hapo watamwuliza kama kidato cha nne alikuwa na angalau D katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Umeiona ile D ya Hisabati? Ingekuwa F, njia hii ingezibwa, hata divisheni ingekuwa ile ile ya pili. Masharti haya huchapishwa katika miongozo ya udahili ya TCU na ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya stashahada, nayo huguswaguswa mwaka hadi mwaka, kwa hivyo usome wa mwaka anaoomba, usisome wa kaka yake.

Nikilisema hili kwa wazazi, nyuso hubadilika. Stashahada! "Mwalimu, mwanangu hakufeli." Subhanallah. Nani kasema stashahada ni ya waliofeli? Mtoto akishikwa na degedege usiku wa manane huko Micheweni, anayekupokea kituoni ni nani? Mara nyingi ni tabibu wa stashahada na muuguzi wa stashahada, na wewe mwenyewe unamwita daktari, unamshukuru, na asubuhi ukitembea naye njiani unamsogelea watu wakuone. Ila akiwa ni mwanao, unataka airuke hatua hiyo. Wapo madaktari ninaowajua walioanza hivyo, na wenzao wanasema ndio hawababaiki wakiingia wodini, kwa sababu walikwisha kushika sindano na kufunga vidonda kabla hawajavaa koti la digrii.

Njia ya pili ni kurudia Kemia na Fizikia akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, aitafute C. Inawezekana, lakini kwa sharti la maabara. Ikiwa utampeleka kwa wale wa tuisheni wanaouza "maswali yatakayotoka", bora akae nyumbani akusaidie kuanika karafuu. Mtihani wa vitendo hauna kukariri. Mtoto ambaye hajawahi kushika bureti, lile bomba la kioo la kupimia, atamwaga tindikali hadi rangi ipite, kisha ataandika namba aliyoambiwa na mwenzake. Nimezisahihisha karatasi hizo. Darasa zima lina jibu moja, na jibu lenyewe si sahihi.

Turudi kwa kijana wa Chake. Sijui jina lake na sihitaji, maana maneno yake nayajua kwa moyo. "Faundesheni" analitamka kama dawa ya maradhi yote. Kozi ya maandalizi inayotambuliwa hapa nchini ni ile ya Chuo Kikuu Huria, na hata hiyo haimchukui mwenye cheti cha kidato cha nne peke yake. Inataka awe amegusa kidato cha sita au stashahada. Huko nje vipo vyuo vitakavyompokea yeyote anayelipa, sikatai. Swali ni atakaporudi. Shahada ya nje hupelekwa TCU ikatambuliwe na kulinganishwa, na wanaoipima hutazama aliingilia kwa cheti gani. Baada ya hapo liko baraza la madaktari, ambalo nalo halimsajili mtu kwa sababu babake aliuza mikarafuu. Anayekwenda kusoma nje kwa njia iliyonyooka huomba TCU cheti cha kutokuwa na pingamizi kabla ya kusafiri. Mwulize kijana wako kuhusu cheti hicho, kisha nyamaza umtazame usoni.

Mwulize pia pesa zinaingia wapi. Ada ya kweli hulipwa kwenye akaunti yenye jina la chuo. Ukipewa namba ya simu yenye jina la mtu, umekwisha kujibiwa. Barua ya kukubaliwa isikutie wazimu, hata ikiwa na muhuri wa rangi tatu. Vyuo vingi hutoa barua ya masharti kwa kila mwombaji, na hayo masharti huandikwa kwa maandishi madogo chini, mahali ambapo wakala huweka kidole gumba chake wakati anakuonyesha.

Yuko kijana niliyemfundisha mwenyewe, nchi aliyokwenda naiacha. Wazazi walichanga, shangazi akauza kiwanja. Faundesheni ikaisha, chuo kikamwambia kwa Kemia yako huwezi udaktari, chagua utawala wa huduma za afya. Akaona haya kusema nyumbani. Miaka miwili na nusu mamake anawaambia watu mwanawe daktari. Alirudi bila cheti cha hiki wala cha kile, na leo anauza vifaa vya simu. Ni kijana mzuri, ana bidii, na angekuwa muuguzi hodari sana. Wakala wake bado ana ofisi, kabadilisha bango tu.

Hawa huja kwa msimu kama karafuu zenyewe. Matokeo yanatoka, pesa za ZSTC, shirika linalonunua karafuu, bado ziko mfukoni, mzazi ana furaha na hofu kwa pamoja. Nao hawauzi udaktari peke yake. Tangu IIT Madras ifungue kampasi yake Bweleo mwaka 2023, nimeshaulizwa mara nyingi kama divisheni ya kwanza "inaingia" kule, na yuko aliyeambiwa kuna mtu wa kumpitishia. Wale wana mtihani wao wa kuingilia, na kiini chake ni hisabati. Mtoto mwenye divisheni ya kwanza ya Kiswahili, Historia na Dini atakwenda kukodoa macho, na huyo "mtu wa kumpitisha" hatakuwamo ndani ya chumba cha mtihani.

Na nyinyi ambao watoto wenu bado wako kidato cha pili mnaosoma haya kwa kutikisa kichwa, ngojeni. Mchepuo huchaguliwa mtoto anapoingia kidato cha tatu, na wengi wenu hamjui hata tarehe. Mtoto anaacha Fizikia kwa kuwa rafiki yake kaiacha, au anaipuuza Hisabati kwa kuwa kuna mjomba kamwambia daktari hahesabu. Daktari hahesabu! Dawa ya mtoto mchanga hupimwa kwa miligramu kwa kila kilo ya uzito wake. Ukikosea sifuri moja umeua. Nendeni skuli mkaulize mwalimu wa Kemia darasa limeingia maabara mara ngapi tangu mwaka uanze. Akibabaika, mmejua, na bado mna miaka miwili ya kulisemea kwenye kamati ya skuli.

Wewe mzee wa Konde, nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta neno la binti mwenyewe, sikuliona. B ya Jiografia haiji kwa bahati, na huenda ana lake moyoni. Siku za kazi niko skuli hadi adhuhuri. Njoo naye, mje na karatasi yenye alama za kila somo, na ikiwa atasema anataka uuguzi tutajaza maombi siku hiyo hiyo. Kama kijana wa Chake kashachukua chochote kwako, njoo na risiti pia. Kama hakukupa risiti, niandikie tu ile namba ya simu aliyokwambia utume.