Mabaki ya fufu yana mwenyewe

Juzi binti mmoja wa mwaka wa tano, anayesoma upande wa Ndosho, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, aliniandikia akiniita yaya, yaani ndugu mkubwa: "Yaya, tunataka kuanzisha mradi wa kugeuza taka za chakula cha shule kuwa mbolea. Prefe amekubali. Tuanzie wapi?" Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Maneno hayo "prefe amekubali", yaani mkuu wa shule ameridhia, niliwahi kuyaandika mimi pia, tena kwa wino mwekundu, kwenye daftari ambalo ninalo mpaka leo.

Shule yetu ilikuwa na internati, yaani bweni, na ua wake wote ulikuwa mawe ya volkano, yale yaliyoshuka kutoka Nyiragongo Januari 2002 yakapita katikati ya mji. Mtu wa Goma sihitaji kumweleza. Ukitaka kupanda hata lengalenga, udongo unaununua kwa gunia. Basi sisi wanafunzi sita tukapiga hesabu: kantini inamwaga chakula, sisi hatuna udongo, tatizo moja litaponya lingine. Tukaunda kamati. Tulikuwa na rais (mimi), makamu, katibu na mtunza hazina, ingawa hazina yenyewe isingenunua koleo. Ndiyo, kila mtu alikuwa na cheo na hakuna aliyekuwa na koleo.

Tukaweka mapipa matatu mlangoni pa chumba cha kulia. Kila mtu amwage humo alichobakiza: fufu (ugali wetu), maharage, wali, vichwa vya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mapipa yakijaa, tunamwaga nyuma ya vyoo, karibu na ukuta. Mwalimu mmoja alikuja kupigwa picha nasi siku ya kwanza, mkono mmoja juu ya pipa.

Wiki ya pili tukaanza kusikia harufu. Chakula kilichopikwa kimelowa, kinashikamana, hewa haipiti, na kitu kisichopata hewa hakigeuki mbolea, kinaoza tu. Nzi walikuja, kisha panya. Mji huu unaijua kolera. Nzi anayetoka nyuma ya vyoo akatua kwenye sahani si jambo la kuchekea. Prefe akaagiza tufukie siku hiyo hiyo. Tufukie wapi, kwenye mwamba? Tulikodi chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, tukapakia ule uozo, tukapita nao saa ya mapumziko mbele ya shule nzima. Safari mbili. Toka siku hiyo tukaitwa Kamati ya Uozo, na wapo wanafunzi wenzangu ambao hata leo tukikutana sokoni Virunga wananisalimia kwa jina hilo. Yule mwalimu wa picha alisimama mbele ya mistari asubuhi akasema alikuwa ametuonya. Hakutuonya. Nimeshasamehe, lakini naandika.

Hata hivyo si hilo lililoniuma zaidi. Mama mpishi mkuu aliacha kuitikia salamu yangu. Nilidhani ni harufu. Siku moja nikamfuata jikoni, nikamuuliza, akajibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye viazi: "Mwanangu, nguruwe wangu wamelala njaa wiki tatu. Uliniuliza?"

Kumbe yale tuliyoyaita taka yalikuwa yamegawanywa kabla sisi hatujazaliwa. Chakula safi kilichobaki sufuriani kilikwenda kwa watoto wa wapishi na mlinzi. Cha kwenye sahani kilikuwa cha nguruwe. Ukoko ulikuwa wa kuku. Kilichokuwa hakina mwenyewe ni maganda ya viazi na ndizi, vijiti vya sombe (majani ya muhogo), majani mabovu ya kabichi. Na hivyo hatukuwa tumevigusa hata siku moja, kwa sababu havikuonekana kutoka mlangoni tulipoweka mapipa.

Tulianza upya, mara hii mama akiwa ndiye mkubwa wetu. Maganda tu. Tulikwenda kwa maseremala wanaochonga chukudu, wakatupa maranda bure, magunia kwa magunia. Ndoo moja ya maganda, ndoo mbili za maranda, na kila wiki tunageuza. Ukishika konzi ukaminya, yatoke matone mawili matatu, si zaidi. Juu ya mawe yetu maji yanakimbia chini, kwa hiyo kiangazi tulikuwa tunamwagilia. Kipimo cha joto hatukuwa nacho. Tulichomeka chuma katikati ya rundo, tukangoja kidogo, tukakichomoa: kikiwa hakishikiki, rundo linafanya kazi. Mwezi wa nne tangu tuanze upya, tulikuwa na udongo mweusi unaonukia kama msitu baada ya mvua. Niliumwaga kwenye viganja vya prefe mwenyewe. Nasema kwa majivuno, na sitaomba radhi.

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaotaka kubadilisha shule zenu, maana najua ndicho mnachokitaka. Msianze na fulana. Msianze na picha. Anzeni na wapishi. Nendeni jikoni mkaulize kila ganda linakwenda kwa nani. Narudia: wapishi kwanza, prefe baadaye. Na kama mabaki yanakwenda kwa nguruwe, mwambieni mwenye nguruwe ayachemshe nusu saa, hasa yakiwa na nyama, kwa sababu homa ya nguruwe ya Kiafrika haina dawa na inaweza kufagia zizi zima kwa siku chache. Hilo nalo nililijua nikiwa nimechelewa, lakini habari za nguruwe wale ni za mama mwenyewe kuzisimulia.

Nilimjibu yule binti hayo yote, kwa ujumbe mrefu wa sauti. Akarudisha mstari mmoja: "Asante yaya. Sasa prefe nimwombe nini?"

Mwombe ruhusa ya kuingia jikoni saa kumi na mbili asubuhi, na uende na kisu chako cha kumenyea.