Maswali ya Wasomaji: Jiji Linapobisha Hodi Bungeni

Katika toleo hili tumepokea barua tatu zinazogusa jambo moja kwa pande tofauti, nasi tumeona ni vyema kuziweka pamoja. Ya kwanza ndiyo iliyotuchukua muda mrefu zaidi.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Binti ya dada yangu anasoma Boulder, katika jimbo la Colorado nchini Marekani. Ameniambia kwamba baraza la mji huo hupitisha waraka wa kueleza ni sheria zipi linataka bunge la jimbo lizipitishe na zipi lizikatae, na kwamba kwa miaka kadhaa intaneti na nyumba vimekuwa miongoni mwa mambo makubwa yanayojadiliwa huko. Mimi ni mpangaji hapa Walukuba, Jinja, na jambo hili limenitatiza. Jiji si ndilo serikali? Linamwomba nani tena? Na je, baraza la jiji letu nalo linayo njia ya namna hiyo?
Msomaji wa Walukuba, Jinja

JIBU: Ndugu yetu wa Walukuba, jiji ni serikali, ila ni serikali inayokaa katika nyumba ya mwingine. Kama ulivyo wewe, lina funguo za mlango na linaweza kupanga vyombo vyake ndani litakavyo, lakini hati ya kiwanja haiko mkononi mwake. Katiba ya Marekani haigawii miji mamlaka yoyote. Inagawa kati ya serikali ya shirikisho na majimbo, na ni jimbo ndilo linaloamua mji ufanye nini. Colorado ni miongoni mwa majimbo yenye mkono mpana katika hilo, kwa kuwa tangu marekebisho ya katiba yake ya mwaka 1902, yaliyopanuliwa mwaka 1912, mji wenye mkataba wake wa uendeshaji, kama Boulder, hujiamulia mambo yanayouhusu wenyewe tu. Ugomvi wote umo katika maneno hayo mawili ya mwisho. Waya wa intaneti unaopita chini ya barabara ya mji ni jambo la mji au la jimbo? Na mtaa ukikataa nyumba za ghorofa, mwalimu wa shule ya hapo akalazimika kupanga mji wa mbali, hilo linamhusu nani? Maswali hayo hujibiwa Denver, makao makuu ya jimbo, na wajumbe 65 wa baraza la wawakilishi pamoja na maseneta 35, ambao kikao chao cha kawaida huanza Januari na hakizidi siku 120. Muda ni mfupi na miswada ni mamia. Mji usiojua msimamo wake kabla ya kikao kuanza utaamka na kukuta sheria imeshapita.

Tuanze na intaneti, kwa kuwa kisa chake kina mwanzo na mwisho. Mwaka 2005, kwa msukumo wa makampuni ya simu na ya kebo, bunge la Colorado lilipitisha sheria iliyojulikana kwa namba yake, SB 152. Sheria hiyo iliukataza mji kutoa huduma ya intaneti, peke yake au kwa ubia na kampuni, mpaka kwanza wakazi waridhie kwa kura. Hoja ya makampuni ilikuwa kwamba si haki kushindana na mchezaji ambaye ndiye pia mwenye uwanja, na kusema kweli hoja hiyo ina uzito wake. Lakini kwa miji ambayo kampuni hazikuona faida ya kuifikishia nyaya, sheria ilikuwa kama kumkataza mtu kuchimba kisima chake na wakati huohuo kutomletea bomba. Longmont, mji ulio jirani na Boulder, tayari ulikuwa na shirika lake la umeme na nyaya za faiba ardhini, na hata hivyo haukuweza kumuunganishia mkazi wake intaneti. Ulipiga kura mwaka 2009 ukashindwa, ukarudia mwaka 2011 ukashinda, na mwaka 2013 wakazi wakaidhinisha mkopo wa kujenga mtandao ambao leo unaitwa NextLight. Boulder ilipiga kura yake mwaka 2014, na zaidi ya asilimia 80 ya wapigakura walikubali. Fort Collins ilifuata mwaka 2015.

Baada ya miji na kaunti zaidi ya 100 kupitia njia hiyohiyo, moja baada ya nyingine, kila moja ikibeba gharama ya kura ambayo matokeo yake yalikuwa yanajulikana kabla, bunge lilifuta sharti hilo mwezi Mei 2023. Uvumilivu wa miji ulichangia, lakini fedha nazo ziliharakisha mambo: sheria ya shirikisho ya miundombinu ya Novemba 2021 ilitenga dola bilioni 42.45 kwa ajili ya intaneti ya kasi, mgao wa Colorado ukawa zaidi ya dola milioni 826, na mji ambao ungesubiri kura yake ya Novemba ungefika mezani na kukuta sahani zimeshaoshwa.

Kwenye nyumba hadithi inageuka, na hapa ndipo ninapomsihi msomaji aende polepole. Miji iliyosema kuhusu intaneti "tuachieni tuamue wenyewe" ilirudi na maneno yaleyale kuhusu nyumba, lakini safari hii maneno hayo yalikuwa na sura mbili. Sura ya kwanza inamtetea mpangaji. Tangu mwaka 1981 Colorado imekataza miji yake kuweka kikomo cha kodi ya pango kwa nyumba za watu binafsi. Mji mdogo wa milimani wa Telluride ulijaribu kuwalazimisha wajenzi watoe makazi ya bei nafuu kwa sehemu ya wafanyakazi ambao miradi yao ingewaleta, na mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema kwamba huo nao ni udhibiti wa kodi uliokatazwa. Miaka 21 ilipita kabla bunge halijapitisha, mwaka 2021, sheria ya kuiruhusu miji kudai nyumba za bei nafuu ndani ya majengo mapya ya kupangisha, kwa masharti. Mswada wa kuondoa katazo lenyewe ulipita baraza la wawakilishi mwaka 2023, ukafia katika kamati ya seneti.

Sura ya pili inamlinda mwenye nyumba anayetaka mtaa wake ubaki kama alivyoukuta. Mwaka huohuo wa 2023 Gavana Jared Polis aliunga mkono mswada mkubwa, SB 213, ambao ungezilazimisha halmashauri kuruhusu nyumba nyingi zaidi katika viwanja vilivyotengewa nyumba mojamoja. Chama cha miji ya Colorado kiliupinga kwa jina la mamlaka ya miji, na ukaanguka siku ya mwisho ya kikao. Mwaka 2024 vipande vyake vilirudi kama sheria ndogondogo. Mojawapo inauzuia mji kuweka idadi ya watu wanaoweza kuishi nyumba moja kwa kigezo cha udugu, na hiyo, ndugu yangu, inamgusa mpwa wako moja kwa moja: kwa miaka mingi Boulder ilikuwa inaruhusu watu watatu tu wasio na udugu kuishi pamoja katika mitaa yake mingi, na idadi ilipandishwa kuwa watano mwaka 2023. Hebu fikiria kikomo hicho cha Boulder kikitumika kwa wanafunzi wanaochangia mizigo kule Makerere Kikoni! (Wasomaji wa nje ya Uganda watuwie radhi: mzigo, kwetu, ni chumba kimoja cha kupanga.) Mwaka 2025 miji kadhaa, Aurora ikiwa mojawapo, ililipeleka jimbo mahakamani kwa sababu ya sheria za 2024 kuhusu msongamano wa nyumba na maegesho ya magari.

Kwa maoni yangu, basi, mji ulikuwa na haki kwenye intaneti, na kwenye nyumba mara nyingi haukuwa nayo. Mamlaka ya mtaa yanapofungua mlango kwa mtu aliyekosa huduma, yanastahili kutetewa. Yanapokuwa komeo la kumzuia mpangaji asiingie, bunge lina sababu nzuri ya kulivunja.

Sasa turudi Jinja. Uganda haina majimbo, kwa hiyo bunge la kubishia hodi ni moja tu, lile la Kampala. Jinja ilipandishwa kuwa jiji mwaka 2020, na baraza lake, kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997, linaweza kutunga sheria zake ndogo mradi zisipingane na Katiba wala sheria ya Bunge, na kabla ya kutumika hupelekwa kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali ili azithibitishe. Leseni za intaneti hazimo mikononi mwake kabisa, bali ziko kwa Tume ya Mawasiliano. Kinachobaki ni sauti, na sauti ina njia zake: mswada ukisomwa mara ya kwanza hupelekwa kwenye kamati, ambayo kwa kanuni za Bunge ina siku 45 za kuushughulikia, na katika siku hizo baraza la jiji, kama mwananchi mwingine yeyote, linaweza kupeleka maoni kwa maandishi au kufika mbele ya kamati. Miji ina umoja wake pia, ule wa mamlaka za miji unaofahamika kama UAAU.

Chukua mfano wa ushuru wa data. Mwaka 2018 tulianza kutozwa shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, na Julai 2021 tozo hiyo ikabadilishwa kuwa asilimia 12 ya bei ya data. Ibara ya 93 ya Katiba inamzuia mbunge wa kawaida kuleta mswada wa kuongeza ushuru, lakini haimzuii kuleta wa kuupunguza. Jiji linaloona kwamba wafanyabiashara wake wadogo wanaumizwa na asilimia hizo 12 lina mbunge wake wa kumwendea, tena likiwa na karatasi inayotaja kifungu na kiwango linachotaka, si malalamiko ya jumla.

SWALI: Mhariri, je, si ufujaji wa ushuru wetu jiji kuwalipa watu wa kuwashawishi wabunge, ambao nao tunawalipa sisi?
Msomaji wa Kisenyi, Kampala

JIBU: Unaweza kuwa ufujaji, na ndiyo sababu kuna mipaka. Huko Colorado msimamo wa mji hupigiwa kura na madiwani katika kikao cha wazi, na washawishi wa kulipwa hujiandikisha serikalini. Zaidi ya hayo, suala likishaingia kwenye kura ya wananchi mji hauruhusiwi kutumia fedha za umma kulipigia kampeni; baraza laweza kupitisha azimio la kuunga mkono au kupinga, basi. Kura za Longmont za 2009 na 2011 zilipigwa chini ya katazo hilo, huku upande wa makampuni ukiwa huru kutumia fedha zake.

SWALI: Mwenye nyumba wangu amepandisha kodi kwa asilimia 30 kwa mara moja. Je, Baraza la Jiji la Arua haliwezi kutunga sheria ndogo ya kuweka kikomo?
Mama wa watoto watatu, Arua

JIBU: Pole sana, mama. Kikomo kipo tayari. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022, ambayo Bunge liliipitisha mara ya kwanza mwaka 2019 na Rais akairudisha, inakataza kupandisha kodi kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, au kiwango kingine kitakachowekwa chini ya sheria hiyo. Jiji likitunga kikomo chake kinachopingana na hicho, litakwama kwa Mwanasheria Mkuu kama Telluride ilivyokwama mahakamani. Kwa hiyo shida yako inahusu utekelezaji, na hapo diwani wako ana kazi ya kufanya. Jiji halina sababu ya kuona nyumba za kupanga si shauri lake: hutoza ushuru wa majengo juu yake, ilhali nyumba anayoishi mwenyewe mwenye mali imesamehewa. Ukienda kwa diwani, chukua mkataba wako. Sheria inataka mkataba wa thamani ya shilingi 500,000 na kuendelea uwe wa maandishi. Na kama yako yalikuwa makubaliano ya mdomo tu, chukua risiti za miezi iliyopita, kwa kuwa ndizo zitakazoonyesha kodi ilikuwa kiasi gani kabla haijapandishwa.