Kuchaji gari la umeme kwenye soketi ya ukutani ukiwa safarini: angalia plagi kwanza

Swali lilikuwa hivi: umefika unapolala, hakuna chaja ya gari, kuna soketi za kawaida tu. Je, unaweza kuacha gari linachaji usiku kucha, na mbona plagi inapata moto hadi haishikiki? Unaweza, ila shusha ampea (kiasi cha umeme ambacho gari linavuta) na ukague soketi kwanza. Plagi isiyoshikika ni hatari, usiizoee.

Soketi ya nyumbani imezoea mizigo ya kuja na kuondoka. Birika linavuta ampea 9 au 10 kwa dakika chache, pasi inawaka na kuzima. Gari linavuta ampea hizohizo saa kumi mfululizo. Joto linazaliwa pale pini inapogusana na bati la ndani ya soketi, au pale skrubu inapobana waya kwa nyuma. Bati likilegea, ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, unapanda. Chukua ukinzani wa omu 0.1 tu: ampea 10 zikipita hapo zinatoa wati 10 za joto, kwa sababu unazidisha ampea kwa ampea, kisha kwa ukinzani. Wati 10 ni kidogo kwa taa, lakini hapa zimefungiwa ndani ya plastiki inayoenea kiganjani, saa baada ya saa. Kwa ampea 13 zinakaribia wati 17. Kwa ampea 6 zinabaki 3.6. Yaani ukitoka 10 kwenda 6 unapoteza asilimia 40 ya kasi, lakini joto linapungua kwa asilimia 64.

Wengi wanasema, "breka si ipo, itakata." Haikati. Breka inaangalia wingi wa umeme unaopita, na kiungio kilicholegea hakiongezi umeme. Kinaungua huku breka ikiona mambo shwari. Hata kile kisanduku kilicho katikati ya kebo ya kuchajia kinalinda zaidi upande wa gari. Baadhi ya kebo zina kihisi joto ndani ya plagi, na hizo ndizo za kununua kama unasafiri sana, lakini kihisi hicho hakioni skrubu iliyolegea nyuma ya ukuta.

Sasa hesabu ya usiku mmoja, maana watu hukimbilia ampea kubwa bila sababu. Kwa volti 230, ampea 6 ni wati 1,380. Saa 12 zinakupa uniti (kWh) 16.5 ukutani; ukitoa zinazopotea njiani na zinazoliwa na mitambo ya gari lenyewe, betri inapata kama 13 au 14. Gari linalotumia uniti 16 kwa kilomita 100 litapata zaidi ya kilomita 80. Kwa ampea 10 unakaribia kilomita 150. Kwenye nchi za volti 120, ampea 12 ni wati 1,440, kwa hiyo uko karibu na mfano wa kwanza. Huko soketi ya ampea 15 haipaswi kubebeshwa zaidi ya 12 kwa mzigo wa muda mrefu. Mimi kwa soketi nisiyoijua naanza na 6 au 8, na 10 naiachia soketi iliyopita ukaguzi. 13 mfululizo usiku kucha, hapana, hata kama plagi imeandikwa 13.

Ampea zinawekwa kwa kitufe cha kisanduku au kwenye kioo cha gari. Angalia tena baada ya kuchomeka, kwa sababu baadhi ya magari yanakumbuka mpangilio kwa mahali, na ukifika sehemu mpya yanarudi kwenye kiwango cha juu.

Ukaguzi wenyewe hauchukui dakika kumi. Tazama uso wa soketi: rangi ya kahawia pembeni ya matundu, plastiki iliyopinda, au ufa, achana nayo. Nusa. Plastiki ya umeme ikipata joto sana mara nyingi hutoa harufu kama ya samaki, na hiyo hutangulia moshi. Chomeka plagi uichomoe: inapaswa kukaza na kukupa ubishi kidogo. Ikiingia kama kidole kwenye siagi, bati la ndani limechoka. Kisha uliza nini kingine kiko kwenye breka hiyohiyo. Friji inavumilika, hita ya maji au jiko la umeme, hapana.

Ukiwa na multimita (kipimo cha volti), pima. Kwenye nchi za volti 230, laivu (waya unaoleta umeme) kwa nyutro (waya wa kuurudisha) iwe karibu na 230, laivu kwa ethi (waya wa usalama unaoenda ardhini) vivyo hivyo, na nyutro kwa ethi isizidi volti chache. Anza kuchaji, halafu tazama volti kwenye kioo cha gari. Zikishuka kutoka 232 hadi 225 kwa ampea 10, sawa. Zikishuka hadi 215, kuna wati 170 zinapotea mahali fulani. Huenda zimesambaa kwenye waya mrefu, huenda zote zimekaa kwenye kiungio kimoja, na kwa kuwa ukuta hausemi, shusha ampea au hama soketi. Volti zinazorukaruka bila sababu ni dalili ya kiungio kilicholegea, zima.

Ethi ndipo watu wanapocheza na roho. Kisanduku kikiwaka taa nyekundu na kugoma, mara nyingi hakijaona ethi, na nyumba nyingi za zamani hazina kabisa. Utakuta mtu anakushauri uunge ethi na nyutro ndani ya plagi "ili kuidanganya". Kweli taa itakuwa ya kijani. Lakini siku nyutro ikikatika mahali popote kabla ya hapo, bodi ya gari inakuwa na volti 230, na atakayeshika mlango akiwa amesimama kwenye ardhi yenye unyevu ndiye atakuwa waya wa kurudishia. Soketi isiyo na ethi haichaji gari, basi. Na testa ya taa tatu inasaidia kujua ethi ipo, ila haikuambii kama ni nzuri, wala haitambui nyutro na ethi zilizobadilishana.

Adapta za wasafiri, zile zinazokubali plagi za dunia nzima, ni za simu. Nyingi hazipitishi ethi, na mabati yake ni membamba. Vilevile kuna wanaochokoza tundu la juu la soketi ya Kiingereza kwa kalamu ili pini mbili za duara za Ulaya ziingie. Zinaingia, ndiyo, lakini hazikazi vizuri na ethi haigusi kitu. Tumia kebo yenye plagi ya nchi husika, au kichwa cha kubadilisha kilichotengenezwa na watengenezaji wa kebo yenyewe.

Ekstensheni: bora usitumie. Ikibidi, iwe moja tu, ya shaba, waya wa milimita 2.5 za mraba, yenye ethi, isiyozidi mita 20 hivi, na iliyokunjuliwa yote. Ile ya kuzungushiwa kwenye gurudumu lake ikibaki imejizungushia, joto halina pa kutokea na ganda linayeyuka kuanzia katikati. Urefu huohuo kwa waya wa milimita 1 unapoteza kama wati 70 kwa ampea 10, ule wa 2.5 kama 30. Maungio yasikae chini penye maji: kisanduku kinaweza kustahimili mvua, plagi na soketi ya ndani hazistahimili. Kisanduku kisining'inie kwa uzito wake kwenye soketi pia. Kitundike kwenye msumari, au kiweke juu ya kiti.

Jenereta ndogo na inveta mara nyingi zitagomewa na gari, kwa sababu nyutro yake haijaungwa na ardhi au umeme wake si wimbi safi. Ukishindwa, usilazimishe.

Mpangilio wa kuchomeka: ukuta kwanza, subiri taa ya kisanduku itulie, kisha gari. Baada ya dakika 30 shika plagi na uso wa soketi, na tena baada ya saa moja. Uvuguvugu ni kawaida. Kama huwezi kuacha kiganja hapo kwa sekunde kumi, simamisha na ushushe ampea. Ikiendelea kuwaka moto hata kwa 6, soketi hiyo imekwisha. Usilale kabla ya kushika mara ya pili.

Asubuhi simamisha kwenye gari, chomoa gari, kisha ukuta, maana kuchomoa plagi huku umeme unapita kunarusha cheche na kuunguza pini. Kabla ya kukunja kebo tazama pini: doa jeusi au plastiki iliyobonyea kwenye shina la pini maana yake badilisha plagi kabla ya safari inayofuata. Na mwenye nyumba mwambie soketi ipi ilipata moto, aite fundi akaze skrubu zake kabla hajachomeka pasi.