Usiing'arishe nyota ya bibi

Dada, umeuliza kama uisugue kwa limau na majivu nyota ya vita aliyokupa bibi yako, ile medali ya shaba ya Vita vya Pili vya Dunia, kisha fundi aitoboe uivae shingoni siku ya harusi. Nakuomba usifanye lolote kati ya hayo. Limau ni asidi, italamba shaba, kusugua kwa majivu kunaweza kufifisha maandishi ya THE BURMA STAR (Nyota ya Burma), na ule weusi wa miaka mingi anaoupapasa bibi kwa kidole gumba utaondoka.

Askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, kutoka kwetu walipigana Burma (sasa Myanmar, huko Asia) mwaka 1944, wakashuka bonde la Kabaw kwenye mvua hadi mto Chindwin. Nyota nyingi za vita ile zilitolewa bila jina la askari. Kwa hiyo nyota yenyewe haiwezi kukuambia ni ya nani, anayejua ni bibi peke yake. Mrekodi kwa simu wiki hii hii, akiwa hajachoka: babake aliitwa nani, alijiandikisha wapi, mamake aliificha wapi miaka yote hiyo. Hilo ndilo la haraka kuliko yote.

Utepe usiufue, hata kama umefifia. Ile buluu, chungwa na nyekundu zinaweza kuchujana. Nyota ifunge kwa kitambaa cheupe cha pamba, mbali na unyevu, wala usiitie kwenye mfuko wa nailoni. Harusini ishone juu ya kitambaa kidogo kwa kupitisha uzi kwenye pete yake, ukibandike kifuani. Na bibi mwenyewe akuvishe, tafadhali.