Anti, kazi ya kwanza nimepata ila wanataka wabaki na vyeti vyangu orijino

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni binti wa miaka 23 nipo Mikindani, nimemaliza diploma ya uuguzi na ukunga mwaka jana na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ninayo. Nimekaa nyumbani miezi nane natuma maombi tu, ya serikali nimeomba mara mbili jina halijatoka. Wiki iliyopita nikapigiwa simu na kituo cha afya cha binafsi huko Newala, wamenipa barua, mshahara laki nne na nusu, nyumba nijitegemee, mkataba miaka miwili, na siku ya kuripoti niende na vyeti orijino wanabaki navyo mpaka mkataba uishe. Mama hataki, anasema nisubiri serikali, nikiingia binafsi ndo nimeshapotelea huko. Mjomba (na kwetu unajua mjomba akisema kasema) anasema hela hiyo si haba, korosho zenyewe hazieleweki. Wanataka jibu Ijumaa. Nifanyeje?
Nesi mpya, Mikindani

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera, miezi nane ya kukaa nyumbani unaulizwa "bado tu?" na kila anayepita sio mchezo.

Nianze na hilo la vyeti mana ndo limenikera. Orijino usiache. Mwajiri ana haki ya kuviona, avilinganishe na kopi, ahakiki na usajili wako Barazani kama ana wasiwasi, akimaliza anabaki na kopi zilizogongwa muhuri wa mwanasheria na wewe unarudi na vyako kwenye bahasha yako. Yani siku serikali ikikuita usaili orijino zinatakiwa mezani, sasa utaenda na nini, na kumbukumbu? Leo hii watumie meseji, ya adabu tu: nashukuru kwa nafasi, vyeti nitakuja navyo mvione, nitaacha kopi zilizothibitishwa. Wakikubali tuendelee. Wakikomaa kwamba lazima vibaki, basi mwanangu usiende, na mjomba mwambie Anti ndo kasema.

Sasa mama. Mama ana hofu ya kweli ila kachanganya kidogo. Kufanya kazi binafsi hakukuzuii kuomba serikalini, akaunti yako ya maombi inabaki palepale na nafasi zikitangazwa unaomba kama wenzio, tena unaomba ukiwa mikono bado inakumbuka kazi, mana ukikaa mwaka mzima bila kushika mgonjwa hata kutafuta mshipa wa mtoto unaanza kutetemeka. Kinachofunga ni mkataba. Miaka miwili bila kipengele cha kutoka, ukiondoka katikati wanaweza kukudai. Waombe waandike kwamba upande wowote unaweza kuvunja kwa notisi ya maandishi ya siku 28, ndo kiwango kilichopo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kwa anayelipwa kwa mwezi, hujaomba hisani hapo.

Mjomba naye amepiga hesabu ya juu juu. Laki nne na nusu haifiki mkononi yote. NSSF, mfuko wa pensheni, wanakata asilimia 10 yako, 45,000, halafu kwenye inayobaki kuna kodi asilimia 8 kwa kinachozidi 270,000, kwako inakuja 10,800, unabaki na 394,200. Toa chumba, toa chakula, toa maji, na Newala maji unayajua mwenyewe, kiangazi watu wananunua kwa ndoo. Utaishi, ila ya kutuma nyumbani itakuwa kidogo, waambie mapema wasikutegemee. Uliza pia kama mwajiri anapeleka asilimia yake NSSF, halafu baada ya miezi miwili mitatu ukaangalie mwenyewe kama michango inaingia, usisubiri siku unaondoka ndo ugundue.

Ila hakuna mahali kwenye barua yako nimeona umeuliza usiku mnakuwa wangapi, na mimi kwangu hilo ndo swali kubwa kuliko mshahara. Kazi yangu ya kwanza ya unesi nilipangwa zamu ya usiku wiki ya pili tu, wodi ya wazazi, mimi na mhudumu mmoja. Mama kajifungua vizuri, mtoto analia, dakika kumi baadae nageuka naona kitenge kimelowa damu mpaka godoro. Sindano ya oksitosini, ile ya kukata damu, iko kwenye friji, friji imefungwa, ufunguo kaondoka nao inchaji (nesi mkuu wa wodi) na inchaji kalala kwake. Mhudumu akatoka mbio na tochi, mimi nikabaki nimemkandamiza yule mama tumbo kwa mkono mmoja nasugua mji wa mimba, mwingine nashika kitenge. Mama alipona. Mimi mkono uliuma siku tatu na mpaka leo nikiingia wodi yoyote naulizia funguo ziko wapi kabla sijaulizia choo.

Kwa hiyo kabla ya Ijumaa panda gari uende Newala ukalale usiku mmoja kwa mtu yeyote mnayemfahamu. Nenda kituoni jioni zamu zinapobadilishana, kaa benchi la nje, subiri nesi anayetoka, mpe shikamoo yake umuulize: usiku mnakuwa wangapi, daktari wa zamu anafika au anaongea kwenye simu tu, mshahara unatoka tarehe ngapi. Huyo hana sababu ya kukupamba. Angalia kama wodi ya wazazi ina maji kwenye tenki. Na masaa uliza, sheria inasema 45 kwa wiki, yakizidi ni ovataimu mara moja na nusu, na kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5, vituo vingi vidogo wanajifanya hawajawahi kuisikia.

Wakikubali la vyeti na la notisi, na usiku huachwi peke yako, mimi ningeenda. Hata kwa hela hiyo. Ukiachwa peke yako wiki ya kwanza hapana, hata wakupe laki saba, mana leseni ni ya kwako, likitokea la kutokea Barazani unaitwa wewe.

Na mama mpoze, mwambie mtandao hata Newala upo, tangazo likitoka utaliona huko huko.