Fagia kwanza, ndipo upige deki: miaka minne na nebulaiza

Mwanangu wa mwisho alizaliwa hapa Leicester. Siku ya tano mkunga akaja nyumbani, akamtoboa kisigino, akachukua matone ya damu kwenye karatasi kama wanavyofanyiwa watoto wote huku. Baada ya wiki chache tukaitwa: sistiki faibrosisi, ugonjwa unaofanya makohozi ya mapafuni kuwa mazito. Nilipompigia mama Tanga nikamweleza kuwa ni ugonjwa wa jeni, kila mzazi katoa moja mbovu, yeye akasikia jini. Kesho yake alikuwa keshaulizia mwalimu wa kuandika kombe. Leo tunacheka. Siku ile sikucheka, maana hata mimi niliamini haya ni maradhi ya Wazungu peke yao.

Sasa ana miaka tisa. Nitasema juu ya jambo moja tu, antibayotiki ya kuvuta, kwa sababu ndiyo iliyonihangaisha kuliko zote.

Alipokuwa na miaka mitano, kijiti walichompitisha kooni kilirudi na jibu la sudomonasi. Ni kidudu kinachopenda majimaji: sinki, udongo wa vyungu vya maua, jakuzi. Mtu mwenye mapafu mazima hakimsumbui. Kwa watoto wetu, ambao makohozi yao ni mazito kama gundi, kikishajenga humo kukitoa ni shughuli, ndiyo maana madaktari hukiwahi mapema. Tukapewa antibayotiki mbili, siprofloksasini ya kumeza pamoja na kolistini ya kuvuta kwa nebulaiza (mashine inayogeuza dawa kuwa mvuke), asubuhi na jioni, miezi mitatu.

Faida ya kuvuta ni kwamba dawa inatua palepale penye wadudu, kwa wingi, na inayoingia kwenye damu ni kidogo. Nikafurahi. Nikajiambia hii ndiyo dawa hasa, mengine ni mapambo. Basi kila asubuhi naanza na kolistini, halafu ile fiziotherapia ya kupuliza na kukohoa tunaifanya tukipata nafasi, na asubuhi za shule nafasi haipatikani. Mwezi mzima hivyo. Siku moja mtaalamu wa fiziotherapia akaniambia nimwonyeshe tunavyofanya, hatua kwa hatua. Nikamwonyesha. Akaniuliza taratibu: sasa akikohoa baadaye, dawa inakwenda wapi? Nikatazama kitambaa cha karatasi mkononi mwa mtoto.

Nilikuwa napiga deki kabla ya kufagia.

Mpangilio wetu tangu siku hiyo: kwanza pampu ya kufungua njia za hewa, kisha maji ya chumvi ya asilimia 7 ya kulainisha makohozi, kisha fiziotherapia mpaka kifua kiwe chepesi, antibayotiki mwisho. Kama mtoto wako ana dawa nyingine za kuvuta, waulize wataalamu wako kila moja ikae wapi, na usichanganye dawa mbili kwenye kikombe kimoja ili kuokoa muda. Najua unavyotamani.

Dozi ya kwanza ifanyike hospitali. Wetu walimpulizisha kwenye kipimo cha mapafu kabla na baada, kwa sababu dawa hizi zinaweza kubana kifua ghafla. Yeye alikohoa kidogo tu, akalalamika kuwa dawa ni chungu.

Kolistini yetu ni unga, unaongeza maji maalumu ndani ya kichupa. Usiitikise! Mimi niliitikisa kama sharubati, ikawa povu tupu, na povu halivutiki. Izungushe polepole kati ya viganja mpaka iwe maji maangavu, uitumie hapohapo. Usichanganye ya jioni asubuhi. Na kwa anayeishi mahali ambapo ya kuvuta ni shida kupatikana: usimimine dawa ya sindano kwenye mashine kwa uamuzi wako. Baadhi huwa na vihifadhi vinavyokera mapafu.

Mtoto akilia, dawa haifiki. Inaishia mashavuni na hewani. Ikabidi nijifunze kusubiri anyamaze. Kumvizia akiwa usingizini nako hakusaidii kitu. Akishaweza, atumie kile cha kung'ata mdomoni badala ya barakoa, kwani pua huchuja sehemu kubwa ya dawa. Mvuke unaotoka usiuachie chumbani wadogo zake au wageni wakauvuta; tumia kichujio, au mpira unaotokea dirishani. Sisi ni dirishani, hata Januari, na blanketi mabegani.

Miezi mitatu ilipoisha kijiti kilirudi safi. Mwaka uliofuata kikarudi na sudomonasi tena, na safari hii ikang'ang'ania. Huku Uingereza, ikishakuwa ya kudumu, kwa kawaida huanza na kolistini. Isipotosha madaktari huangalia tobramaisini au aztreonamu. Wetu yuko kwenye tobramaisini: siku 28 anavuta, siku 28 anapumzika. Mwezi wa kupumzika ni wa antibayotiki peke yake, fiziotherapia haina likizo. Sauti yake hukwaruza kidogo, hilo halinitishi. Akisema masikio yanalia ngiii, hapo napiga simu siku hiyohiyo, maana dawa za jamii hii zinaweza kugusa usikivu.

Tulipokwenda Tanga mara ya kwanza bado alikuwa kwenye kolistini, na lebo inasema isizidi nyuzi 25. Tanga ya Desemba! Tulibeba begi la ubaridi mkononi pamoja na barua ya daktari, kamwe si kwenye mzigo wa chini. Plagi ni zilezile za miguu mitatu, hiyo haikuwa shida, ila umeme ulikatika jioni ya pili tukiwa katikati ya dozi. Sasa tunasafiri na mashine ya betri.

Kazi ninayoichukia ni usafi. Kila baada ya kutumia, vipande vyote vinafunguliwa, vinaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, kisha kuua wadudu kama kijitabu cha mashine kinavyosema, na kuachwa vikauke vyenyewe kabisa. Unyevu ukibaki umemkaribisha sudomonasi kwa mikono yako. Sisi tunachemsha. Usiku mmoja niliviweka jikoni nikakaa kwenye kochi dakika moja tu. Nikaamshwa na harufu: maji yamekauka, kikombe cha nebulaiza kimeyeyuka na kushikana na sufuria kama ukoko. Saa nne usiku, dozi ya asubuhi inasubiri. Siku hizi seti ziko mbili, na saa ya kengele nimeibandika kwa sumaku mlangoni mwa friji.