Pikipiki imenizidi urefu

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, mfupi, nina Honda CG125 ya zamani. Nikisimama nagusa chini kwa ncha za vidole tu. Kuna kijana anataka kukata springi za shokapu za nyuma. Nimruhusu?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Usimruhusu! Springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi, tena haikai sawasawa. Tafuta shokapu fupi kidogo, zote mbili, zenye matundu ya kufungia yaleyale. Kisha pakia mtu mzito uone kama tairi linagusa madigadi, na upime upya ulegevu wa cheni. Stendi ya pembeni nayo itabaki ndefu, pikipiki isimame wima mno na kuanguka kirahisi, hivyo stendi hiyo ipunguzwe. Ila mimi ningeanza na siti: punguza sponji pale mbele unapokaa. Kazi hiyo hata fundi makochi anaiweza.